Kimya Chenu Kimeninyang'anya Mke

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,
Ofisi yenye mlango wa bluu, mkabala na duka la mafuta ya taa.

KUHUSU: KIMYA KILICHOPITA KIASI, NA MADHARA YAKE KWA NDOA YANGU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi si mzima, na wa nyumbani kwangu hayupo nyumbani. Ndiyo sababu ya kuandika.

Nikukumbushe mimi ni nani. Ni yule mgeni mnene aliyeingia kijijini na shanta mgongoni, akakusalimu kwa sauti hadi mbuzi wako akakata kamba. Kwa kazi ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Mtaani kwetu naitwa Cheche. Aliyekuwa nyuma yangu ni mke wangu, fundi cherehani, ambaye chumba chake cha kushonea kimepakana na karakana yangu. Katikati ya ukuta kuna dirisha dogo. Miaka yote ya ndoa yetu tumepitishiana humo chai, mkasi na mazungumzo, mashine zangu zikinguruma. Yeye husema, mimi huitikia "sawa". Hatujawahi kugombana hata siku moja. Majirani hutuonea wivu.

Safari ya kuja kwenu nayo ilipita dirishani humo. Nilikuwa nakata bomba, nikaona midomo ya mke wangu inacheza, nikasema "sawa". Jioni nakuta shanta mbili kitandani zimeshafungwa. Kumbe nimekubali kwenda pwani, kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, mzigo mgongoni kama punda aliyejitolea.

Vijiji viwili vya mwanzo vilikuwa na heshima zao. Kulikuwa na muziki, pikipiki, na mtu anayetangaza dawa ya panya kwa kipaza sauti. Mke wangu alipita bila kugeuza shingo. Tulipofika kwenu akasimama, akasikiliza, akatua shanta chini. "Hapa," akasema. Nililisikia neno hilo lote, mwanzo hadi mwisho. Pale pale ndipo ningekimbia, kama si malengelenge.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bahari yenu inanong'ona. Inakuja polepole, inasema kitu kidogo, inarudi nyuma, kama mtu anayesengenya kisha anakuangalia kama umesikia. Bahari ya namna hiyo haimfichii mtu neno.

2. Jogoo wa nyumba tuliyofikia anawika mara moja tu. Nilimsubiri arudie. Hakurudia.

3. Matafuno. Nimekula kwa mdomo huu tangu utotoni na sikuwahi kujua kwamba unatoa sauti. Asubuhi ya kwanza tulikuwa mezani kwa mama mwenye nyumba ya wageni, yule kila mtu anamwita Shangazi, nami nikamwita hivyo ingawa nimemzidi umri. Nikauma mkate. Mke wangu akaweka kikombe chini, akanitazama kama mtu aliyesikia hatua darini.

"Hivi ndivyo unavyokula siku zote?"

"Mwache, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Labda ana njaa."

Tangu hapo nalowesha mkate kwenye chai kwanza, kama mtoto.

4. Shauri la nne nimelifuta kwa kulinda heshima yangu. Niseme tu kwamba linahusu choo chenu kisicho na dari, na wazee waliokuwa wamekaa upande wa pili wa ukuta, ambao walinipa pole kwa pamoja.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Alasiri moja tulikaa kwenye ngazi za nyumba ya Shangazi, miguu yetu minne katika beseni moja la maji ya chumvi. Hakukuwa na redio. Hakukuwa hata na nzi. Mke wangu akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida tu, wala hakuwa amekasirika.

"Unaikumbuka siku aliyofariki mama?"

Nikasema naikumbuka.

"Nilikuja dirishani nikakuambia, 'Mama amefariki.' Ukanijibu, 'Sawa, weka hapo mezani.'"

Mheshimiwa, nilidhani ameleta chai.

Akanieleza kwamba alikaa chini, upande wake wa ukuta, akangoja nizime mashine. Sikuzima mpaka geti la mteja lilipokwisha. Nalikumbuka geti lile. Lilikuwa na maua ya chuma juu, na watu walilisifu sana. Nikafungua mdomo nimjibu mke wangu, nikakuta jibu langu ni lile lile moja, na halifai. Nikanyamaza. Na kwa kuwa kijijini kwenu hakuna kitu cha kukifunika kimya, kunyamaza kwangu kulisikika kote.

"Basi," akasema, "maji yamepoa." Akatoa miguu yake, akaifuta, akaingia ndani. Mimi nikabaki na beseni.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema mshindo wenyewe utaniangukia mimi. Sasa nauliza kama mwananchi: maneno mazito namna ile yanaruhusiwaje kusemwa mahali pasipo hata mashine ya kusaga unga ya kumsitiri mwanamume? Kwetu, mashine ingenguruma, mimi ningesema "sawa", na tungekuwa bado tunatolewa mfano.

6. Mnawapa wageni kazi bila kuwauliza waume zao. Kesho yake Shangazi alifunua cherehani ya marehemu dada yake, iliyokuwa imekaa miaka chini ya kitambaa. Mke wangu aliitia mafuta, akalizungusha gurudumu lake, ikaitika. Kabla ya adhuhuri kulikuwa na foleni: suruali zilizopasuka makalioni, sare za shule, kanzu moja ya mtu mzima ambaye hakutaka kutajwa. Watu walisimama pale wakampigia soga, naye akawa anacheka. Nilikuwa sijui kwamba anacheka hivyo. Anaanzia puani. Nilimwuliza kama ni mafua.

Siku ya kuondoka nikafunga shanta zote mbili. Yeye akaifungua ya kwake, akarudisha nguo moja moja kwenye kamba.

"Wewe tangulia," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize mapazia ya Shangazi."

Mheshimiwa, nyumba ile naijua. Ina madirisha matatu, na moja limezibwa kwa ubao.

7. Uambukizo. Nimerudi kwangu na kimya chenu nimekibeba. Nikiwasha mashine, mkono unaizima wenyewe. Mteja akiniambia anataka geti, namwuliza la nini, ananieleza habari za mtoto wake anayetorokea barabarani, nasikiliza hadi mwisho, halafu namwuliza mtoto anaendeleaje. Wateja wameanza kuniogopa. Mmoja alimwuliza mdogo wangu, tunayefanya naye kazi, kama nimepata ajali ya kichwa. Nikipitisha kikombe dirishani hakuna wa kukipokea. Juzi nilikipitisha hata hivyo. Kilianguka upande wa pili, na nilisikia kila kipande.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo, ikiwezekana kabla ya mvua:

(a) Uwekwe ubao kwenye njia ya kuingilia kijijini, wenye maandishi makubwa, kuwaonya watu waliooana.

(b) Inunuliwe mashine ya kusaga, mbovu kadiri itakavyopatikana, iwashwe alfajiri na kuzimwa watu wakishalala, iwe kuna nafaka au hakuna.

(c) Jogoo wa Shangazi achukuliwe hatua.

(d) Mke wangu arudishwe, na shanta yake, katika hali aliyokuja nayo, yaani akiwa hajasema kitu.

Mkishindwa, sitakanyaga kijijini kwenu maisha yangu yote, na ndugu zangu nitawakataza, pamoja na wale ambao hatusalimiani.

Nisalimie wa nyumbani kwako. Nisalimie mwenye duka la mafuta ya taa, aliyenipa dawa ya malengelenge bila kucheka. Nisalimie wazee wa ukutani, na uwaambie ninaendelea vizuri. Shangazi msalimie kwa ukali kidogo.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Cheche,
fundi wa kuchomelea, anayeaminika na wengi.

N.B. Posta inachelewa, kwa hiyo barua hii naileta mwenyewe. Karakana nimemwachia mdogo wangu, na dirisha nimeliacha wazi kwa sababu lilikuwa halina maana ya kufungwa. Vifungu (a) hadi (d) usivifanyie kazi. Hasa mashine: kama mlikuwa mmeshaanza kuitafuta, acheni. Nakuomba jambo moja tu. Ukishamaliza kusoma, usipaze sauti kumwita mke wangu wala kumtangazia kwamba nimekuja. Nitakuwa nimekwishapita hapo kwako na kwenda kukaa kwenye ngazi za Shangazi, upande wa chini, nisimzibie mwanga wa kushonea. Ana maneno mengine aliyoniambia wakati nakata chuma, hayo sijui ni mangapi. Nitakaa nimngoje aanze yeye.