Kamera ya Akiba ya Ofisi ya Ufunguzi

Ofisi ya Ufunguzi, inayofungua visima na vyoo kutoka Arua hadi Koboko, ilitangaza kwa heshima kuu kwamba sasa inachagua kamera ya akiba. Kamera ya filamu, tena ya mkono. Picha za simu zilishapigwa marufuku, kwa sababu simu hudanganya. Na sheria ya mkuu, Mzee Afedra, ilitundikwa ukutani pamoja na sahihi yake: asiyeonekana pichani hakuwepo.

Kwa sheria hiyo karani Harriet alikwisha kula maonyo mawili. Kila sherehe yeye yuko nyuma anagawa soda. Onyo la tatu, kazi kwisha.

Driwaru, mpiga picha wa mtaa wa Oli, aliiletea kamati bodi mbili za kamera, bila lenzi. Zote hazikutaka betri, zote zilikubali lenzi ya kamera kuu. Ya kwanza mgongo wake ulikuwa mgumu kufunguka. Afedra akaishuku. Kifaa cha umma kinaficha nini tumboni? Ya pili ilifunguka kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo iko na uwajibikaji!" Afedra akatangaza. Kamati ikapiga makofi.

"Mzee, filamu inataka giza," Driwaru alisema.

"Mama, giza ni ya wezi."

Siku ya kufungua kisima Kuluba, kamera kuu ilikwama. Akiba ikaitwa kazini. Driwaru aliijaribu kwanza kwa kumpiga picha Harriet, aliyekuwa akipampu maji ya wageni kunawa. Ndipo Afedra akakata utepe, akatabasamu, akakata tena, mpaka filamu ikaisha.

"Sasa ukaguzi wa hadhara!"

"Mzee, wacha kwanza nirudishe filamu ndani ya mkebe wake!"

"Unaogopa nini, mama?"

Afedra akabonyeza, mgongo wa kamera ukafunguka. Jua lote la Kuluba likaingia. Umma ukakagua, ukaridhika.

Wakubwa walipopanda hadi ofisini, Arua Hill, na nishani ya mfunguzi bora, Driwaru akapanga picha mezani. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe tupu. Ile ya kwanza tu, iliyokuwa ndani kabisa ya mviringo wa filamu, imefunikwa na nyingine zote, ilipona: Harriet kashika mpini, maji yanaruka.

"Na mkuu alikuwa wapi?" akauliza mgeni aliyeshika nishani.

"Nilikuwepo! Uliza watu!"

Mgeni akatazama ukutani, akasoma polepole mpaka kwenye sahihi. Kisha akamvisha Harriet nishani.

"Tupige picha," akasema.

Afedra akakimbilia mstari wa mbele. Harriet akamgusa bega kwa adabu.

"Pole, mzee. Soda iko nyuma."