Mwalimu wa Kurasa Apata Mtani

Emori Vakasau hakuwahi kupanga ukurasa hata mmoja wa kitabu, na hakuona kama hilo lingemzuia kuifundisha kazi hiyo. Alikuwa na kompyuta ya mkononi iliyojaa masomo ya video ya kupanga vitabu na magazeti, yote kayapakua bure mtandaoni. Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa shamba lake, duka lake na pensheni yake.

Akasikia kina mama wa kanisa moja la mtaa wa Toorak, pale mjini Suva, wanataka kujitengenezea kitabu cha jubilei, maana bei ya mpiga chapa imewashinda. Akapiga pasi sulu yake, ile shuka rasmi ya kiunoni, akafunga tai, akaenda. Viatu akaviacha mlangoni kama mtu mwenye adabu zake.

Mwenyekiti wa kamati yao, Mama Vasemaca, akamkaribisha mkekani, akampa kifuu cha yaqona, kinywaji cha kupokelea wageni.

"Mama, hizi ni siri za wakubwa," alisema Emori. "Mkilipa ada leo, kesho mnapanga kitabu kama wapiga chapa wa serikalini."

"Na kwenu wapi, mwanangu?"

Swali hilo alilitegemea. Suva hakuna anayefungua mkoba kabla ya kupata jibu lake. Kwao kwenyewe hakutajiki, kule bado wanamtafuta. Akachagua mbali.

"Wainisavu, mama. Kisiwani Kadavu."

Mama Vasemaca akamtazama kidogo, kisha akapiga makofi. "Salanieta! Hebu njoo umwone huyu mla popo! Sisi wa Nukulevu na hawa wa Wainisavu ni watani tangu enzi za mababu!"

Salanieta, katibu wa kamati, akaja mbio. Emori akacheka sana, kwa kuwa mtu wa Wainisavu angecheka.

"Basi, kichwa gimbi bovu wewe," mama akaendelea kwa upole, "kompyuta hii nimeipenda." Akaitwaa, akaipakata.

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Mtani ananyimwa? Kwani wewe si wa Wainisavu?"

Emori akapiga hesabu ya haraka. Akikataa, yeye si wa Wainisavu. Kama si wa Wainisavu, ni mwongo, na kituo cha polisi hakiko mbali.

"Chukua, mtani," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Halafu akakumbuka kwamba utani una pande mbili, akaunyooshea mkono mkoba wa fedha za kamati uliokuwa kando ya mama. "Nami nachukua huu, walamba matope nyie!"

"Huo wa kanisa, baba. Mungu hana mtani." Mama akauvuta mkoba chini ya paja. "Na viatu vyako vile vitamfaa mume wangu."

Emori akatoka peku. Alikuwa bado kwenye ngazi, anaitazama mvua, aliposikia sauti ya Salanieta dirishani.

"Mama Vase, mbona sikujua kama watu wa Wainisavu ni watani wetu?"

"Hata mimi sijui. Nilikuwa namjaribu tu. Mtu wa kule hasa angeniambia nimechanganyikiwa."

Mguu mmoja wa Emori ukageuka kuelekea mlangoni. Akaingie aseme nini? Kwamba ameonewa na mtu anayesema uongo kuhusu kwao?

"Sogeeni, jamani," Salanieta alikuwa akiwaita wenzake, "somo la kwanza linaanza!"

Emori akakunja sulu yake juu ya magoti, akaanza kushuka kilima.