Msichana Aliyefia Kitabuni Ametuletea Matanga Tyseley

Kwa Mwalimu Leena wa somo la Kiingereza,

Salamu nyingi kutoka Tyseley, mtaa wetu huku Uingereza. Mimi ni Roselyne, mamake Jepchirchir. Naandika Kiswahili kwa sababu hasira yangu haijajifunza Kiingereza. Jepchirchir atakusomea, na asithubutu kupunguza makali.

Ni kuhusu ile riwaya uliyompa, ya yule Mwingereza wa vitabu na mashairi ya mashambani, ambako kila mtu anateseka. Malalamiko yangu:

1. Ng'ombe wa babake msichana wa kitabuni anasombwa na mto, majirani wanachungulia dirishani. Harambee je? Hata debe la mahindi hakuna! Kijiji gani hicho?

2. Mchumba anamwacha, anaoa mjane mwenye kinu cha kusaga unga. Wazee hawakutumwa kuuliza. Hata shangazi mmoja wa kupiga kelele langoni hakuna. Huyu mwandishi aliwanyima watu ukoo ili awaue bila usumbufu.

3. Jumamosi Jepchirchir alishuka ngazi macho mekundu, akasema amekufa, kwenye mvua, peke yake. Sikungoja kuuliza nani. Niliwapigia akina mama wa ushirika wa kanisa, wakaja na chapati, ndengu na vitabu vya nyimbo. Tulikuwa kwenye wimbo wa pili ndipo ikajulikana marehemu ni wa kitabuni. Mama Aganze, Mkongomani, alikataa kunyamaza. Alisema ameshaanza kulia, lazima amalize. Aibu hiyo ni ya shule.

4. Hili ndilo linaloniuma. Desemba tunaenda nyumbani Kapsabet kwa mama yangu, amezeeka, anamngoja mjukuu. Mjukuu sasa hataki. Eti mashambani watu hufa kwa huzuni. Mwalimu, mama yangu ana ng'ombe watatu na mdomo wake. Huzuni yenyewe inamkwepa!

Kwa hiyo mwandishi aitwe shuleni. Nikiambiwa alishakufa, waje watu wa ukoo wake. Mwisho ubadilishwe: wazee wafike kabla ya mvua, mchumba apigwe faini, msichana apewe chai.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na yule mama wa kuvusha watoto barabara.

Ni mimi mzazi mwenye uchungu,
Roselyne

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Jepchirchir alimpigia nyanyake mwenyewe, akamsimulia kitabu chote kwa Kiswahili. Yeye huyu ambaye mimi hunijibu kwa Kiingereza! Wakalia wote wawili, na Desemba anaenda. Basi mwisho usiguswe, na umpe kitabu kingine. Mama yangu aliuliza jambo moja tu, simu ikiwa kwenye spika: mamake huyo msichana alikuwa wapi muda wote huo? Nilikuwa mlangoni, nimeshavaa sare, naenda kazini Sutton Coldfield kutunza wazee wa watu. Nikainama kufunga viatu.