Nyungu kwa Malkia

Jumatatu, 2 Februari 2026. Stafford, Texas.

Siku kumi na mbili tu! Jumamosi ya tarehe 14 binti yangu Clara anampeleka nguruwe wake, Malkia, kwenye maonyesho ya mifugo ya shule. Amemlea miezi mitano. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anamwosha, anamtembeza kama bibi harusi. Kazi yangu mimi baba ni kuhakikisha hashindwi na nguruwe wa Kipngeno.

Kipngeno ni Mkenya, jirani yetu wa mtaa wa pili. Nguruwe ni wa binti yake Chebet, lakini ukimsikia anavyojisifu utadhani kamzaa yeye. Vizimba vyetu vimepakana kwenye banda la shule. Leo kaniambia eti Malkia amekonda kidogo, pole. Pole! Nimeamua kumpelekea Malkia ndizi za kuponda kwa siri. Koo linawasha. Vumbi.

Jumanne, 3 Februari

Si vumbi. Mke wangu Dorothea ni muuguzi, alinipima kabla sijamaliza kupiga chafya. Influenza! Nimepigwa marufuku kukanyaga bandani. Nikauliza, mafua yangu na nguruwe wapi na wapi?

Akakaa kitandani akanieleza. Kirusi wa influenza amebeba jeni zake katika vipande vinane. Nguruwe anaweza kupata mafua ya nguruwe wenzake, ya watu, na hata ya ndege. Virusi wa aina mbili wakiingia kwenye seli moja ya nguruwe, vipande vinachanganyika: vitatu vya huyu, vitano vya yule. Anatoka kirusi mpya ambaye pengine miili yetu haijawahi kumwona. Mara nyingi hafiki popote. Mara mojamoja anaenea dunia nzima. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Baadaye nikafikiri. Mimi Mchagga, yeye Mhaya. Tumechanganya, katoka Clara: pua yangu, akili za mama yake, na ucheshi ambao hakuna ajuaye ulitoka wapi. Sijawahi kushiriki kazi bora kuliko hiyo. Sasa kuchanganyika kuna ubaya gani?

Alhamisi, 5 Februari

Nimekwenda! Dorothea zamu, Clara darasani. Nilivaa miwani ya jua na kofia pana ya Texas. Hakuna aliyenitambua isipokuwa Mwalimu Brandon, msimamizi wa banda, aliyeniita Bwana Elimringi kutoka mbali na kuuliza kama sijambo. Nikasema mzima kabisa. Barakoa sikuvaa, ingenifanya nionekane mgonjwa.

Malkia alimaliza ndizi zote. Nilimpigia chafya usoni mara tatu. Alinitazama kwa upole tu, mtoto wa watu.

Jumapili, 8 Februari

Clara karudi kutoka bandani uso umemshuka. Malkia anakohoa, hataki kula. Daktari wa mifugo atapita Ijumaa, na mnyama anayekohoa haingii maonyeshoni. Clara hakugusa chakula chake. Mimi nilijikausha, lakini moyo uliniuma kwelikweli. Nikamwambia atapona, na wakati namwambia nilikuwa tayari na mpango.

Nyungu! Mama yangu alitufukiza watoto saba na wote tuko hai. Nguruwe naye ana mapafu, na kwa pua hakuna wa kumshinda.

Jumatatu, 9 Februari

Mchaichai, tangawizi na majani ya mkaratusi, vyote kutoka duka la Wavietnamu. Sufuria ya umeme ya kupikia wali. Blanketi zito la Dorothea. Nilimfunika Malkia, nikaingia naye humo ndani kumshika, maana hakuwa na uzoefu. Tulipumuliana dakika nne nzima. Akatulia. Nikajua dawa imekubali. Kumbe anajipanga!

Alichomoka na blanketi kichwani, mimi nimeshikilia pindo. Akavunja kilango, akaingia kwa nguruwe wa Kipngeno, ambaye anakohoa tangu wiki iliyopita na Kipngeno anawaambia watu ni vumbi. Mwongo mkubwa yule! Wakanusana pua kwa pua. Nilipoinua kichwa, Clara alikuwa amesimama mlangoni na begi lake mgongoni.

Jumanne, 10 Februari

Nilimwomba. Tunyamaze siku nne tu, tumpe Malkia asali, Jumamosi tubebe utepe wa ushindi. Clara alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nakumbuka alichosema mama. Mafua yangu yamo ndani ya Malkia, na sasa huenda ya nguruwe wa Chebet yameingia pia. Vipande vyote viko chungu kimoja. "Baba, other kids go in there," akasema. Yaani watoto wengine nao wanaingia mle. Kisha akafuta machozi, akaenda mwenyewe kwa Mwalimu Brandon kueleza kila kitu.

Ana miaka kumi na tano. Mimi arobaini na tisa. Nilibaki garini na aibu, na fahari pia, sijui ipi ilizidi.

Alhamisi, 12 Februari

Daktari wa mifugo aliitwa mapema, akawapima nguruwe wote wawili, na majibu yametoka. Malkia ana mafua ya watu, yaani yangu. Nguruwe wa Chebet ana ya nguruwe. Kirusi wa mchanganyiko hajaonekana, lakini wataendelea kupima. Wote wawili wametengwa kwenye kibanda cha nyuma. Maonyesho basi.

Kipngeno alinipigia simu. Nilitegemea matusi. Akaniomba msamaha kwa kuficha kile kikohozi! Nikamsamehe kiungwana. Halafu nikamsimulia nyungu. Alicheka hadi mkewe akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi, 14 Februari

Maonyesho yamepita bila sisi. Clara na Chebet walikaa mbali, nje ya uzio wa kibanda cha nyuma, kwenye viti vya kukunja, wamevaa mashati yao ya maonyesho. Mwalimu Brandon akaja kusema kwamba kwa miaka ishirini hajawahi kuona mtoto akijitoa mwenyewe. Nililia. Nikasema ni mafua.

Clara akaniegemea begani, mara ya kwanza wiki nzima. Akasema amenisamehe, ila niahidi kutofanya mpango wowote bila kumwuliza yeye au mama. Niliahidi kwa moyo wangu wote. Nampenda mtoto huyu kupita kiasi.

Jumanne, 24 Februari

Nguruwe wa Chebet karuhusiwa jana. Malkia bado wiki moja, peke yake. Clara anasema anamwona mnyonge, hana mwenzake. Siwezi kuvumilia hilo. Niliuliza masharti shuleni: nguruwe mwingine haruhusiwi kuingia, na mtu mwenye mafua haruhusiwi. Hakuna kingine walichokitaja.

Nimepata bata wawili kwa mzee mmoja wa Sugar Land, mji jirani. Weupe, wapole, mmoja ana makamasi kidogo tu. Wako kwenye buti ya gari. Sijamwambia mtu. Nataka kumshangaza Clara.