Kichanja cha Filister

Jumatano, 5 Machi
Jirani yangu Filister ameanika omena, dagaa wetu wa ziwani, juu ya meza! Miti minne, mbao, wavu. Anaita kichanja. Eti mchanga haufiki, kuku hawafiki, na mvua ikija anafunika turubai. Mimi huanika chini kwenye neti kuukuu, kama alivyoanika mama. Na Jumapili Moraa, mnunuzi wa Oyugis, anakuja kuchagua mwanamke mmoja wa kumuuzia kila wiki. Wivu unanila. Nimetangazia ufuo mzima kwamba omena wa kichanjani hukauka nje tu, ndani wabichi.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua! Omena wangu wananuka, bata wanasherehekea. Wa Filister wakavu, wanang'aa. Akaniuliza kwa upole kama nataka nafasi kichanjani. Nikamwambia sina shida. Upole wake unaniudhi kuliko mvua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Filister ni Msabato. Jua likizama leo, hagusi kazi hadi kesho jioni. Kichanja kitakaa bure! Mimi Mkatoliki, Jumamosi ni yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Nilianika kichanjani Wasabato walipoenda kanisani. Alasiri omena walikuwa wakavu kabisa, hata punje ya mchanga hakuna. Naenda kuwatoa, Filister huyo! Na wageni, na mzee wa kanisa. Wakaketi pale pale mpaka giza, wakishangaa samaki wametoka wapi. Mgeni mmoja akasema ni baraka. Mzee akamkatiza: hata mana haikushuka siku ya Sabato. Mimi nimelala kifudifudi nyuma ya mashua. Nitawatoa alfajiri.

Jumapili, 9 Machi
Moraa alinitangulia. Nilimkuta kichanjani anatafuna omena wangu, anatabasamu. Akauliza ni wa nani, maana huyo ndiye anayemtaka. Filister akasema si wake. Nikajiambia: sema, Rispa! Lakini kuona tabasamu lile juu ya kichanja cha Filister, moyo ulichemka. Ulimi ukanitangulia. Nikamwambia hao ni wabichi ndani, mimi singempa hata bata. Moraa akatema. Akanishukuru kwa kusema ukweli, akaenda kununua Homa Bay.

Jumatatu, 10 Machi
Filister amejua kila kitu. Hakunitukana. Amenipa nusu ya kichanja, tuanike pamoja, Moraa akirudi tumuuzie pamoja. Nusu! Na ile nusu nyingine ni ya nani? Nimekataa. Jioni nimewaambia wanawake wa ufuoni kwamba Moraa alitema omena wa kichanja cha Filister. Si uongo.