Hewa ya Ghorofa ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mhandisi ametuita pembeni mimi na shemeji. Amesema kazi ijayo ni jengo la ghorofa saba na anatafuta msimamizi. Atachagua mmoja wetu. Ambaye ghorofa yake itafanya vizuri Ijumaa mbele ya mkaguzi wa zimamoto, ndiye atakayevaa kofia nyeupe.

Kofia nyeupe! Miaka kumi na moja navaa ya njano. Nimechoka nayo mpaka naiota.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mdogo kwangu kwa miaka sita. Ufundi huu nilimwingiza mimi. Siku yake ya kwanza nilimtuma spana akaniletea koleo. Leo yeye ana ghorofa ya juu, mimi nina ya chini, na tunapimwa mizani moja. Haya!

Kazi yenyewe ni ya heshima. Jengo ni la kuhifadhi nyaraka: hati za viwanja, wosia, vyeti vya ndoa, makaratasi ambayo yakilowa watu watashikana mashati mpaka wajukuu. Kwa hiyo mabomba yetu ya kuzimia moto hayakai na maji. Yanajazwa hewa. Maji yanasubiri nyuma ya vali, na hayaingii mpaka yapate ruhusa mbili: sensa ione moshi, na hewa ndani ya bomba ishuke kwa sababu kichwa cha kunyunyizia kimepasuka kwa joto. Ruhusa moja haitoshi. Nimemweleza mtunza nyaraka jambo hili mara tano. Mara zote tano ameniuliza kama nina hakika. Yule mama anaogopa maji kuliko moto.

Nimemaliza siku mbili kabla ya shemeji. Yeye anapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kwa brashi ndogo, kisha anakodoa macho kutafuta mahali hewa inapotoka. Kiungo baada ya kiungo. Mimi nikikaza, nimekaza. Muda niliouokoa naupumzisha kwenye kona yangu nyuma ya rafu ya mwisho. Hapo bomba linapita chini ya boriti, mkono unalifikia. Pazuri pa kutundika. Koti, mfuko wa vifaa, chupa ya chai.

Mke wangu amesema aliye bora na apate. Nimemuuliza aliye bora ni nani. Amesema nile, chakula kinapoa.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimejaza hewa. Geji ya hewa imesoma paundi arobaini. Mshale umesimama wima, safi. Nimemwita mtunza nyaraka aje auone. Ameuona. Ameniuliza kama nina hakika.

Mhandisi ametukumbusha masharti. Kipimo rasmi kitaanza Alhamisi saa nne asubuhi. Kompresa kubwa inayojaza hewa itazimwa, mabomba yakae siku nzima. Kutoka arobaini hairuhusiwi kushuka zaidi ya moja na nusu.

Jioni nimepita kuaga. Thelathini na moja!

Nimepigapiga geji. Thelathini na moja. Nimefumba macho, nimefumbua. Thelathini na moja bado.

Hewa haiendi yenyewe. Kuna mkono wa mtu. Nimetoka nje nikakutana na shemeji na kichupa chake cha sabuni. Akanichekea. Mtu asiye na hatia anachekea nini kwenye ngazi saa kumi na moja jioni?

Nimemwambia mke wangu, kwa upole, kwamba kuna ndugu yake mmoja ana tabia ya kuchekacheka. Amesema kaka yake anacheka hivyo tangu azaliwe, hata kwenye picha ya pasipoti walimrudisha. Kwa hiyo amejizoeza tangu utotoni. Nimeandika hilo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi na mapema nimejaza tena arobaini, kisha nikatega mtego. Poda ya mtoto, kopo zima, nimeinyunyiza sakafuni kuzunguka vali na katikati ya rafu. Atakayekuja kuchokonoa ataacha nyayo. Nyayo za shemeji nazifahamu, buti lake la kushoto limelika kisigino.

Saa sita nimeenda kukagua. Nyayo zipo! Za mtunza nyaraka. Za mfagizi. Nyingine nyingi za mtu mmoja aliyetembea huku na huku kama aliyepotelewa na kitu. Nimeweka buti langu juu yake. Limeenea.

Geji: thelathini na tano.

Mtunza nyaraka amekuja na viatu vyeupe mpaka vifundoni, anahema tu. Nikashika ufagio haraka nisafishe kabla Mhandisi hajafika. Nimefagia kwa nguvu. Kosa! Poda imepanda juu, wingu zima, na sensa ya moshi haijui poda ni nini. Kengele ikalia jengo lote. Watu mbio nje. Mtunza nyaraka hakukimbia. Alilala kifudifudi juu ya boksi la wosia, mikono ameitandaza, anasema wamwache afie hapo.

Mhandisi amenieleza mbele ya watu wote, taratibu, na ule upole wake ndio unaotisha. Amesema sensa imeshatoa ruhusa ya kwanza. Kama vali kuu ya maji ingekuwa wazi, na hewa yangu ingeshuka mpaka kumi na tano, sasa hivi tungekuwa tunaogelea na hati za viwanja. Kisha ameniuliza hewa yangu inasimama ngapi. Nimesema inasimama vizuri sana. Sikusema wapi.

Shemeji amenifuata na kichupa chake. Amesema, shemeji, nikupakie sabuni upande wako? Nusu saa tu. Nimemshukuru, nikakataa. Yaani nimfungulie mwizi mlango na kumpa kiti!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa. Hewa kama inatoka, basi iingie nyingine.

Mwisho wa mtaa wetu kuna fundi wa pancha mwenye kompresa ndogo. Inajiwasha yenyewe hewa ikishuka, inajizima ikijaa. Nimemwambia naitaka kwa ajili ya baiskeli ya mwanangu. Mwanangu ana miezi tisa, lakini hakuuliza.

Saa nne Mhandisi amesoma arobaini juu na arobaini chini, amezima kompresa kubwa, amebandika karatasi kwenye swichi na kutia sahihi. Alipoondoka tu nikaingia stoo ya jirani. Humo bomba langu lina koki ndogo ya kumwagia maji yanayobaki. Nikachomeka mpira, nikakaza, nikaificha kompresa nyuma ya maboksi. Tatizo ni sauti. Inatetemeka na kunguruma, utadhani babu amelala humo. Nimekimbia nyumbani saa ya mapumziko nikachukua blanketi, lile nene lenye maua mekundu, nikaivika mara mbili. Kimya!

Jioni: arobaini na mbili. Nimejipongeza.

Mke wangu ameuliza blanketi liko wapi. Nimesema nimelipeleka kufuliwa. Ameniangalia muda mrefu. Katika miaka saba ya ndoa sijawahi kufua hata leso.

Ijumaa, 7 Machi



Mkaguzi ni mzee mfupi, miwani yake ameifunga kwa kamba shingoni. Haongei sana. Tumeanza juu. Geji ya shemeji: thelathini na tisa. Amepoteza moja! Pamoja na sabuni yote ile! Nimeuma midomo nisicheke.

Tukashuka kwangu. Arobaini na sita.

Mkaguzi amevua miwani, ameifuta kwa shati, ameivaa tena. Amesema ana miaka thelathini kazini na amezoea kuona hewa ikiondoka. Hii ndiyo mara ya kwanza kuiona imerudi na ndugu zake.

Nimesema ni joto. Hewa ikipata joto hupanuka, hiyo ni sayansi. Mkaguzi ameweka kiganja ukutani. Kuta za chumba cha nyaraka ni baridi kama mtungi wa maji. Mhandisi ameangalia karatasi kwenye swichi, sahihi yake ipo, akaniangalia mimi. Shemeji alikuwa anaangalia buti zake.

Mkaguzi amesema basi tuendelee. Amepulizia sensa moshi wa kopo. Kengele imelia. Safi! Kisha ameshika koki ya mwisho wa laini na kuifungua, kuigiza kichwa kilichopasuka. Hewa fyuuu, mshale unashuka, thelathini, ishirini, roho yangu imetulia.

Ndipo kompresa ya fundi wa pancha ilipoona hewa inashuka. Ikaamka.

Kwanza ngurumo stoo. Halafu boksi likaanguka. Halafu mlango wa stoo, ambao sikuufunga vizuri, ukasukumwa taratibu, na blanketi lenye maua mekundu likatoka lenyewe, likitetemeka, likiburuta mpira, likaja moja kwa moja kwa mkaguzi. Mtunza nyaraka akapiga ukelele na kupanda juu ya meza.

Nimesema silijui blanketi lile.

Shemeji alilijua. Lilimtoka tu, wala hakukusudia. Aliuliza, hili si blanketi la dada? Shemeji mwenyewe ndiye aliyetuzawadia siku ya harusi.

Mkaguzi ameandika: ghorofa ya juu imepita. Ghorofa ya chini irudiwe Jumatatu. Chini yake akaongeza mstari mmoja na kuupigia mistari miwili, sikuweza kuusoma kwa mbali na sikutaka kusogea. Mhandisi ameniambia tutaongea Jumatatu. Mke, mtoto wa miezi tisa, na mimi bila kazi. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amekuja kunichukua nyumbani, siku yake ya kupumzika. Hajasema neno la jana. Tumefungua chumba, tumejaza hewa, akaanza na brashi yake. Nilikuwa nimekaa kwenye boksi, sina ubishi uliobaki.

Dakika kumi hazijaisha akaniita kwenye kona yangu. Kiungo kilicho juu kabisa ya mfuko wangu. Povu lilikuwa linachemka hapo kama la mtoto anayeoga. Bomba limepinda kwa uzito, upana wa kidole, likajivuta kwenye kiungo. Akauteremsha mfuko wangu kwa mikono miwili, akaupima uzito, akauweka chini. Ndani mna spana nne, nyundo, kufuli lisilo na funguo, na chupa ya chai.

Afadhali angecheka. Hakucheka. Na mtu huyu ndiye niliyekuwa namtegea poda! Nimeona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Tumebadilisha kiungo pamoja, tumelinyoosha bomba, tumelirudishia mwinamo wake ili maji yasibaki ndani siku yakiingia. Nimemwomba asimwambie Mhandisi habari ya mfuko. Amesema, shemeji, mfuko gani?

Nyumbani nimemsimulia mke wangu yote. Amecheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nilipofika kwenye blanketi kutembea alinishika mkono nisiendelee, hapati pumzi. Tumejifunika shuka. Blanketi linanuka grisi.

Jumatatu, 10 Machi

Tumepita! Arobaini mpaka thelathini na tisa na nusu. Nimemshinda shemeji kwa nusu nzima, nimemkumbusha hilo. Mkaguzi amejaribu yote mawili, moshi na hewa, vali ikafunguka kwa kishindo, maji yakatoka kwa bomba la nje mpaka barabarani. Kabla ya kusaini amefungua mlango wa stoo akachungulia.

Mtunza nyaraka ameniuliza kama sasa nina hakika. Nimesema ndiyo. Kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli, na nusura nilie.

Kofia nyeupe amepewa shemeji.

Mhandisi alitaka kunifuta kazi. Ameniambia mwenyewe, barua ilikuwa tayari mezani. Shemeji alisema kama sipo kwenye kundi lake, na yeye hafanyi hiyo kazi ya ghorofa saba. Nimemwambia kofia imemkaa vizuri. Imemkaa vizuri kweli, hilo ndilo linaloudhi.

Nimefikiri sana njia nzima kurudi nyumbani, mtu lazima ajifunze kutokana na makosa. Nimelipata kosa. Ni lile blanketi. Ningetumia godoro.

Jumatano, 19 Machi

Jengo jipya, siku ya tatu. Ghorofa ya kwanza mabomba yalishafungwa na wenzetu, mimi nimepewa niyajaze hewa na kuyapima.

Shemeji ametoa amri yake ya kwanza: hakuna kutundika kitu chochote kwenye bomba. Alisema hivyo akiangalia juu, asiniangalie mimi. Kisha amenipigilia msumari ukutani kwa mkono wake, mrefu, mpya. Nimeguswa sana. Koti nimelitundika hapo hapo.

Mfuko haukuwezekana. Ni mzito, ungeung'oa msumari wake, na asingejisikia vizuri. Nyuma ya lifti nimeona bomba moja limenyooka, imara, la inchi mbili. Nimeutundika huko.

Asubuhi geji ilisoma arobaini. Jioni, thelathini na nne.

Namshuku fundi umeme. Ana tabia ya kupiga miluzi. Kesho nakuja na poda.