Betri Kati ya Michembe

Jumatatu, 10 Julai 1995
Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika wa pamba. Mpinzani wangu ni Anatoli, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa wakala wa mnunuzi binafsi wa pamba. Mkutano uliopita kifaa changu cha sikio kilizimika. Wote waliponyoosha mikono, nami nikanyoosha. Kumbe namwunga mkono yeye.

Betri zake, ndogo kama vifungo, zimekwisha tena. Sista Felisita wa hospitali ya misheni alinionya: zilizokwisha nimrudishie, nisizianike, watoto wasizifikie. Yeye ni muuguzi. Mimi nimefundisha sayansi hadi kustaafu. Betri za redio hupata nguvu juani. Kanuni haibagui ukubwa.

Jumanne, 11 Julai
Mke wangu Apolonia ameanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya jabali. Nimezipanga betri humo humo. Nilimwambia zinafukuza nzi. Anatoli akapita, akanipazia sauti: siku hizi Mwalimu anakausha macho ya dagaa?

Alhamisi, 13 Julai
Betri moja haipo. Namshuku Anatoli. Hujuma ya wazi.

Mjukuu wetu Nyanjige anatokwa na udenda, anakataa uji. Apolonia alinipigia kelele sikioni kwamba mtoto anakohoa tangu jana, mimi nimekaa tu. Ningesikiaje, kifaa hakina betri? Nikaagiza amezeshwe tonge la ugali, kama tufanyavyo kwa mwiba wa samaki. Lilirudi na damu.

Ijumaa, 14 Julai
Gari lililopatikana la kutupeleka hospitali ni la pamba, la Anatoli. Aliendesha mwenyewe. Fedheha.

Eksirei ilionyesha duara jeupe kooni. Sista Felisita aliniuliza, mbele ya Anatoli, kama nilizianika. Nilimwonyesha sikio langu: sisikii. Akarudia kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wodi nzima. Betri ile ilikuwa ikimchoma mtoto kwa ndani, na tonge langu limezidisha jeraha. Apolonia hakuniangalia.

Jumapili, 16 Julai
Wameitoa. Nyanjige ataishi. Sauti, alisema Sista, huenda isirudi.

Jana Anatoli amepita bila kupingwa, mimi nikiwa hapa wodini. Alishinda kwa kuwa alikuwa na gari la kumrudisha mkutanoni. Nimelibainisha hilo kwa Apolonia. Akahamia benchi jingine.

Jumatano, 2 Agosti
Nyanjige amerudi nyumbani. Nimeichambua ajali kwa utulivu. Kosa lilikuwa la mahali, si la kanuni. Betri zilizobaki nimezianika juu ya bati, ambako mtoto hafiki.

Jioni nilitia moja kifaani, niijaribu. Nyanjige alisimama mbele yangu, akafumbua kinywa, midomo ikatengeneza neno lake la kuniita: guku, babu. Akarudia. Apolonia akafunika uso kwa kanga.

Sikusikia kitu. Nimeirudisha betri batini. Inahitaji jua zaidi.